Vazi Lililokosa Shuka

Sajini hakupenda kuulizwa habari. Ukimkuta barazani asubuhi ukamwambia, "Habari za leo, Sajini?" alikutazama kama umemkanyaga, kisha akajibu, "Hakuna. Na isiwepo." Mimi nimekulia Tanga, nilizoea habari za nyumbani, za watoto, za kazi, moja baada ya nyingine hadi mtu ufike kwenye shida iliyokuleta. Kwake nilijifunza kuanza na shikamoo na kuishia hapo. Alipiga visigino pamoja, akasema "Marahaba," na siku ikaanza.

Tulikaa nyumba moja ya mbao upande wa mashariki wa Saint Paul, huku Marekani, mimi na mume wangu chini, wao juu. Wao ni Sajini, binti yake Mama Tumaini, na Tumaini mwenyewe, aliyekuwa na miaka minane. Chumba cha nne kule juu kilikuwa cha Benja, mtoto wa mwisho wa Sajini, lakini Benja alikuwa Iraq na jeshi la Marekani, na mlango wa chumba chake ulifungwa kutwa.

Jina la Sajini nililijua, maana barua zake wakati mwingine zilitumbukizwa kwenye sanduku letu. Sijawahi kulitumia. Alikuwa amepiga paipu katika bendi ya jeshi huko Kenya kwa miaka ishirini na miwili. Paipu ni lile zumari la Waskoti lenye mfuko unaobanwa kwapani na mabomba matatu yanayolala begani. Mskoti aliyemfundisha, alisema, alikuwa na uso mwekundu na fimbo nyembamba, na aliyekosea noti alichapwa kwenye vidole vile vile vilivyokosea. Sajini alimchukia mtu huyo hadi uzeeni. Na bado alipotaka kusema jambo zito kwa Kiingereza, alilisema kwa sauti ya yule Mskoti, akizungusha ulimi kwenye kila r, mpaka watu wa dukani wakageuka kutafuta mzungu.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye pande mbili zisizoonana. Taarifa ya vita kwenye televisheni aliizima. Gazeti lakini alilisoma kila asubuhi, amesimama, kidole kikishuka kwenye majina ya waliouawa. Viatu vya shule vya Tumaini alivipaka rangi kila Jumapili na kuvisugua mpaka mtoto akajiona humo, na mtoto akicheka naye alicheka. Ila mwanawe mwenyewe alipomwambia kwamba amejiandikisha jeshini ili apate uraia upesi na kusomeshwa chuo, Sajini, mwanajeshi wa miaka yote ile, alikataa kumpa mkono. Benja aliondoka nyumba ile bila kuagwa na baba yake.

Mama Tumaini ndiye aliyenisimulia hayo. Alinisimulia pia kwamba mshahara wa kwanza wa Benja uliishia kwenye sanduku refu jeusi lililoletwa nyumbani na gari la vifurushi. Ndani mlikuwa na paipu kamili, za mti mweusi na pete za fedha, na karatasi imeandikwa: Baba, sijawahi kukusikia ukipiga. Sajini alilifungua sanduku, akazikagua bomba kwa bomba, akasema ni nzuri, akalifunga.

Benja alipopiga simu, Sajini aliipokea amesimama wima. Aliuliza maswali matatu. "Umekula? Umelala? Miguu iko aje?" Kabla jibu la tatu halijaisha simu ilikuwa mkononi mwa Mama Tumaini, naye Sajini ameshakwenda zake besmenti.

Humo besmenti, chini ya miguu yetu, ndimo alimofanyia mazoezi. Hakutumia zile paipu. Alipuliza filimbi nyembamba ya mazoezi, isiyo na mfuko, yenye sauti ya mdudu aliyekwama kwenye kopo. Alipiga wimbo mmoja tu, siku zote ule ule, na mume wangu akadhani Sajini amesahau nyingine. Nikamuuliza siku moja ni wimbo gani.

"Ni wa maziko," alisema. "Unataka mazoezi mengi kuliko nyingine. Mtu akikosea noti kwenye gwaride, watu wanapiga makofi tu. Pale kaburini kila mtu yuko kimya."

Vazi la mpiga paipu, alilolikusanya kipande kwa kipande, lilianza na viatu. Mtu huvikwa kuanzia chini, alinifafanulia, kwa sababu akishafungwa koti na mikanda hawezi tena kuinama. Viatu vyeusi vizito vilifuatwa na vifuniko vyeupe vya kuvifungia juu, vyenye vifungo vidogo ubavuni, ambavyo yeye aliviita spatsi. Hivyo alivipata kwa mjane mmoja wa Inver Grove Heights ambaye mumewe alikuwa mpigaji. Zikaja soksi ndefu za miraba. Ukaja mkoba wa manyoya meupe ya farasi unaoning'inia mbele ya kiuno, ukinuka dawa ya nondo na kabati la watu wengine. Vikaja mkanda wa begani, mkanda wa kiunoni, jambia, koti fupi la kijani kibichi karibu jeusi. Kofia ilikuja kwenye sanduku lake peke yake, ndefu, ya manyoya meusi ya mbuni, na Tumaini alipofunua sanduku alirudi nyuma akilia, akadhani ni mnyama.

Kila kitu kilitundikwa ukutani mwa chumba cha Sajini mahali pake. Niliwahi kuingia humo kuchukua vipimo. Lilikuwa umbo la mtu, viatu vikiwa sakafuni, kofia juu kabisa, na katikati patupu panasubiri kilti, lile vazi la marinda la kiunoni. Kutoka kwenye kizingiti niliona kama kuna mtu mwingine katika nyumba, amesimama, amegeukia ukuta.

Mchana nilikuwa na kazi ya ofisini mjini Minneapolis, lakini mwisho wa wiki nilishonea watu, na cherehani langu lilikuwa karibu na dirisha la mbele. Sajini aliniletea yadi nane za sufu, akaketi, akaniangalia nikikunja. Kilti usiiite sketi mbele yake. Marinda ya kilti ya jeshi hukunjwa ili mstari ule ule mmoja uangukie katikati ya kila rinda, yote sawa, kuzunguka kiuno chote. Nilikosea mara mbili, akanifumulisha mara mbili, kwa upole kabisa.

"Wacha nikuambie, binti yangu," alisema. "Mstari mmoja ukilala vibaya, aliye nyuma yako anaona mlevi."

Ni katika siku hizo za kupiga pasi marinda ndipo aliponiambia kwa nini. Alipostaafu, jeshi lilikagua kila kitu na kukirudisha stoo, mpaka soksi. Alitoka pale langoni na suti. Mwezi uliofuata mkewe alifariki. Rafiki yake kwenye bendi alimwazima paipu, lakini vazi hangeweza kumwazima, lilikuwa la serikali.

"Ungepiga na suti," nilisema.

"Na suti ni kelele tu. Ndivyo nilivyojiambia." Aliupapasa mstari wa kilti kwa kucha. "Nikazirudisha paipu za watu. Tukamzika kimya, kama tunaficha kitu. Haitanipata tena hivyo."

Sikuuliza safari hii anamsubiri nani. Gazeti lilikuwa kwenye kiti karibu naye.

Kundi la wazungu wenye asili ya Kiskoti, wapiga paipu wa mji ule, walisikia habari zake kwa yule mjane. Walikuja kumwomba ajiunge nao kwenye tamasha la kiangazi kule Anoka. Aliwapa chai, akakagua kucha zao, akakataa. "Hili si vazi la sherehe," aliwaambia kwa sauti ya Mskoti wake. Walicheka, wakidhani ni mzaha.

Watu walianza kusema kwamba mzee anaita msiba. Kanisani kwao walisema. Wanawake walioleta nguo kwangu walishusha sauti wakinyoosha kidole juu kwenye dari. Mama Tumaini mwenyewe alikuwa mtu wa kuchekacheka, mwuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee kule Anoka, ambaye alifanya zamu mbili na bado alinipikia chapati. Hata yeye alianza kuhesabu. "Dada Rehema, unaona lakini? Ile wiki mkoba ulikuja, gari ya mbele ya Benja ikalipuka. Ile wiki ya kofia, rafiki yake alikatwa mguu. Mimi si mtu wa kuamini vitu, but kwa nini kila kifurushi kije na kitu?"

Nilimwambia vita vina habari mbaya kila wiki, kifurushi kije kisije. Nilisema hivyo, na moyoni nilikuwa naogopa kama yeye.

Kilti ilikamilika mwezi wa tano. Ilibaki shuka, kipande kirefu cha sufu ile ile kinachozungushwa kifuani na kurushwa begani, kisha kikafungwa kwa bizimu la fedha. Ncha moja ilihitaji marinda, na ncha zote mbili matamvua ya kusokotwa kwa mkono, mamia. Kulivaa lazima mtu wa pili akuzungushie. Sajini alikuwa ameshaamua kwamba mtu huyo ni mimi.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Saa tisa mchana, dirisha wazi, niko na lile shuka mapajani. Gari dogo jeusi lilisimama mbele ya nyumba. Wakashuka vijana wawili wa kizungu, nywele zimekatwa fupi, makoti meusi, wakatazama namba ya nyumba, wakatazamana. Kila familia yenye mtoto vitani ilijua jeshi likituma watu wawili mlangoni wanakuja kusema nini. Niliichomeka sindano kwenye sufu.

Juu nilisikia hatua za Sajini zikienda dirishani. Zikasimama. Halafu hazikuja ngazini. Zilirudi chumbani, na droo ikavutwa.

Kengele ililia mara mbili. Mama Tumaini alikuwa amelala baada ya zamu. Alishuka peku, kitambaa cha kichwa mkononi, na mimi nikatoka kwangu tukakutana kwenye ukumbi mdogo wa chini. Alinishika mkono kwa nguvu nyingi. Alifungua. Mmoja wa vijana alitabasamu akauliza kama tuna dakika chache za kuzungumza juu ya neno la Mungu.

Mama Tumaini alicheka. Alicheka mpaka akainama, akawafungia mlango usoni, na kicheko kikageuka kitu kingine. Hapo ndipo tulipogeuka wote wawili. Sajini alikuwa katikati ya ngazi, na viatu, na spatsi nyeupe zimefungwa vifungo vyote, na soksi, na kilti. Juu alikuwa bado na fulana.

"Ulikuwa unavaa," Mama Tumaini alisema. Kwanza alisema polepole. "Baba. Kengele inalia, na wewe ulikuwa unavaa!"

"Nilikuwa najitayarisha."

"Yuko hai! Benja yuko hai, anakula, analala, ana miguu miwili, wewe umeshamvalia! Ulishamzika zamani, unangoja tu waje wakupe ruhusa!"

Sajini alifungua mdomo. Nilidhani atamfokea, kwa maana hakuna mtu niliyewahi kumsikia akisema naye hivyo. Alichofanya ni kuteremsha mkono na kunyoosha rinda moja lililokuwa limenyooka tayari. Akapanda juu.

Siku ya pili Mama Tumaini alikuja kwangu. Hakukaa. "Ile shuka," alisema. "Usiimalize."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie chochote. Anasema vazi nusu si kitu, si ndio? Basi ibaki nusu. Sitaki paipu zipigwe kwa mtu yeyote wa hii nyumba. Niahidi, Dada Rehema."

Nilimwahidi. Nililikunja shuka, nikalitia kwenye sanduku chini ya kitanda. Sajini aliponiuliza nilisema uzi wa rangi ile haujafika dukani. Aliuliza tena baada ya mwezi. "Uzi," alirudia, na tangu hapo hakuuliza. Besmenti iliendelea kulia wimbo wake. Kiangazi kilipita. Benja aliandika kwamba muda wake umeongezwa.

Mwezi wa kwanza, asubuhi ya baridi ya kupasua midomo, nilikuwa najifunga koti kwenda kazini nikasikia Sajini ameshuka kuchukua gazeti. Alikuwa na kaptura, fulana na malapa. Kabla hajalifikia, mtu aligonga, naye akafungua papo hapo. Walikuwa wawili, sare, kofia mikononi. Nilitoka nikasimama nyuma yake. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Ni mwanangu," aliwaambia kwa Kiingereza. Hakuuliza.

Walikuwa polisi wa barabara kuu. Walimtajia jina la Mama Tumaini. Alikuwa akirudi kutoka Anoka baada ya zamu, na kwenye daraja kulikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Magari mengine matatu yaliteleza pale pale asubuhi ile, na waliokuwamo walitoka wakitembea.

Sajini aliwageukia mmoja baada ya mwingine. Halafu akasema kwa Kiswahili, kwa upole ule aliokuwa akinifumulisha nao, "Hapana. Mmekosea. Aliye vitani ni yule mwingine."

Siku mbili baadaye aligonga mlango wangu. Alikuwa amenyoa. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Shuka," alisema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya uzi. Hayakutoka. "Sajini, uzi ulikuwapo. Nilimwahidi yeye kwamba sitamaliza. Alisema hataki paipu kwa mtu yeyote wa nyumba hii."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane. Zilibaki siku tatu kabla ya maziko, mikono yangu ingeweza, na laiti angesema "maliza" mara moja tu, sijui ningefanya nini na ile ahadi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa amri ya mkubwa wake, akapanda ngazi.

Tulimzika Saint Paul, kwa sababu Tumaini alikuwa hapa. Walikuwa wameipasha ardhi moto ili ichimbike. Benja alipewa ruhusa, akafika na sare, macho mekundu, mwembamba kuliko picha zake. Sajini alikuja na koti jeusi la kawaida, mikono mitupu. Mchungaji alipomaliza, watu wote tulimtazama mzee, maana kila mtu alijua juu ya paipu. Alikuwa amemshika Tumaini bega. Upepo ulipiga maturubai. Tukakaa hivyo katika kimya ambacho mimi nilikishona, na mpaka leo nikifikiria kimya kile sijui kama nilimtendea haki yeyote kati yao wawili.

Baada ya hapo vitu vilianza kuondoka, kimoja kimoja, jinsi vilivyokuja. Alimpigia simu yule mjane, wakaja wale wazungu wa bendi, wakachukua kofia na koti. Safari nyingine jambia na mikanda. Paipu alibaki nazo. Sikumsikia akizipiga, wala ile filimbi. Mkataba wa Benja ulipokwisha alirudi mzima, akakodi nyumba Inver Grove Heights, akamchukua baba yake na Tumaini. Nyumba ya mbao ikanyamaza juu.

Nilimwona Sajini mara ya mwisho miaka minne baadaye. Benja alikuwa bado askari wa akiba, na wakamwita tena, safari hii Afghanistan. Nisimwache msomaji na hofu ambayo sisi tulikuwa nayo siku ile: Benja alirudi, yuko hai, ana watoto wawili. Aliyefariki kabla Benja hajarudi ni Sajini mwenyewe, kwa ugonjwa wa moyo, kitandani kwake, miezi mitatu baada ya siku ninayoisimulia. Lakini hayo hatukuyajua. Tumaini alinipigia simu akaniomba niende nao kwenye kuagana, akasema babu hali, halali.

Palikuwa ukumbi mkubwa wa jeshi, sakafu ya saruji, familia mia moja zikishikana, mabegi yamepangwa mistari, mabasi yakinguruma nje. Sajini alitembea kwa kiegemeo cha magurudumu. Alikuwa amevaa jaketi la zipu, na zipu haikufungwa. Kwenye kona, mpigaji wa kujitolea alikuwa amesimama na paipu, vazi kamili, kila kitu mahali pake, akipiga wimbo wa kuaga. Chini ya paa lile la bati sauti ilijaa kila mahali. Nilimwangalia Sajini nikiogopa itamfanya nini. Hakuonyesha hata kama anasikia.

Benja aliinama mbele ya baba yake, akaanza kusema. Niliona midomo tu. Sajini alisogeza sikio. Benja akasema tena, karibu zaidi. Sajini alitikisa kichwa kwamba hapana, hajasikia.

Halafu akageuza kiegemeo, akaanza kwenda kule kwenye kona. Watu walimpisha. Nilimfuata, nikidhani anataka kumkagua yule mpigaji, au kumwambia amekosea noti. Alifika mbele yake, akamwekea mkono juu ya mkono, pale vidole vilipokuwa vikicheza. Mfuko ulitoa mlio mrefu kama wa mtu aliyebanwa, ukanyamaza.

"Samahani," Sajini alisema kwa Kiingereza, na ilikuwa Kiingereza chake mwenyewe, cha mzee wa Kenya. "Mtoto wangu anaongea. Nataka kumsikia."

Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Yule mpigaji aliitikia kwa kichwa, akashusha mabomba. Benja alikuwa ameshakuja nyuma yetu.

"Ulikuwa unasema," Sajini alimwambia.

"Si kitu, Baba. Nilikuwa nasema mashine ya joto. Ile ya besmenti. Ikianza kugonga usiiguse, piga simu kwa fundi, namba iko kwa friji. Na theluji usiitoe wewe, kuna kijana wa jirani nimeongea naye. Na ile dawa ya asubuhi, kula kwanza."

Kulikuwa na mwanajeshi akiita majina mlangoni. Sajini aliuachia mkono mmoja wa kiegemeo, akamshika mwanawe kola ya sare, pale shingoni.

"Sema tena," alisema.

Benja akavuta pumzi, akaanza tena na ile mashine ya joto, polepole.